Makaa Chini ya Banda la Kuku

Jumatatu, 2 Juni
Dawa ya moyo, uji, sala. Miguu imevimba tena. Neema, mjukuu wangu, amenikalisha mlangoni kabla ya kwenda kazini hotelini Diani. Ng'ambo ya ua wa minyaa, jirani yangu Zakayo anapima uwanja kwa hatua. Kila asubuhi hatua zile zile. Muuza samaki amempigia kelele: "Babu, mpaka umehama tena leo, au bado umelala?" Nimecheka mpaka kifua kimeuma. Miaka thelathini, na raha hii sijaichoka.

Jumatano, 4 Juni
Mzee Juma wa kijiji amekuja na shikamoo yake ndefu. Mpima ardhi anafika Jumanne kuweka mpaka wa hatimiliki kati yangu na Zakayo. Mashahidi wa zamani wamekwisha, nimebaki mimi.
"Mwalimu, wewe sema tu minyaa ndiyo mpaka, tumalize. Yule mzee atatuua kwa maneno."
Nimekubali. Zakayo atakufa akiitwa mwongo, tena kwa muhuri wa serikali. Mchana nimelala vizuri.

Ijumaa, 6 Juni
Daktari hanifichi tena. Naandika ili nisiondoke nayo.
Zakayo alikuwa mzee wa kanisa. Alisimama ibadani akasema mume wangu, Yona, amesogeza jiwe la mpaka na kumwibia hatua tisa. Hakuna aliyechimba kutazama. Yona akatengwa na Meza ya Bwana. Akafa hivyo. Mchungaji hakuja mazikoni. Kengele haikupigwa.
Baadaye Zakayo alikwenda kwao bara kwenye msiba, akakaa huko masika yote. Nikasema, tumeshaitwa wezi wa mpaka, basi na tuwe. Nikalihamisha jiwe hatua tisa ndani ya shamba lake. Nikakata matawi ya minyaa, nikapanda safu mpya, ile ya zamani nikaing'oa. Utomvu uliniingia jicho la kushoto. Halijaona tangu siku hiyo. Watu niliwaambia ni mtoto wa jicho.
Aliporudi alipiga kelele. Wazee wakaniletea Biblia. Nikaapa kwamba mpaka haujahama. Tangu hapo hakuna aliyemwamini, hata mkewe.

Jumamosi, 7 Juni
Jana niliruka lililo baya zaidi.
Nilipoling'oa jiwe, nilikuta makaa chini yake. Ndipo nikakumbuka. Baba yangu aliwashikia wapima ardhi mnyororo wa kupimia, alisema wao huzika makaa chini ya jiwe kwa kuwa hayaozi. Basi jiwe lilikuwa mahali pake. Yona hakuligusa. Ushahidi wake ulikuwa mkononi mwangu, mweusi, mzima. Ningemwita mchungaji siku ile ile, Yona angesafishwa.
Nikafukia. Nikajenga banda la kuku juu yake.
Nilitaka Zakayo aumie kuliko nilivyotaka Yona asafishwe. Ndivyo ilivyokuwa. Kila siku nilimwomba Mungu aniongoze, huku njia nikimwonyesha mimi. Kisasi Mungu alikiwekea mpaka, akasema ni chake. Niliuvuka huo kwanza, kabla ya ule wa Zakayo.
Bado namchukia.

Jumapili, 8 Juni
Nguvu za kwenda kanisani sina. Naogopa. Nikisema, watasema nyumba ya Yona ni ya wezi kweli. Sioni Mungu atalinda vipi jina la Yona. Nitasema ukweli hivyo hivyo.

Jumanne, 10 Juni
Wamekuja. Nimebebwa pamoja na kiti changu hadi uani.
"Mwalimu, mpaka ni minyaa?" ameuliza Mzee Juma.
Nimesema, vunjeni banda. Wamedhani ni homa. Neema amelivunja mwenyewe. Mpima ardhi amechimba, shimo likafika kina cha kiwiko, makaa yakatoka. Nimesema yote. Na jicho pia.
Zakayo amechuchumaa kwa shida.
"Damari. Miaka thelathini naitwa mwehu."
"Na Yona aliitwa mwizi."
Ameyatazama makaa.
"Basi jiwe lilikuwa mahali pake."
"Lilikuwa."
Nimeona uso wake ukielewa alichomfanyia Yona. Nimeona raha. Mungu anisamehe, hata leo nimeiona.

Jumapili, 15 Juni
Asubuhi kengele ililia mara ya pili. Nilishangaa. Neema amerudi akanieleza: Zakayo alisimama mbele, akamtaja Yona kwa jina, akasema alimsingizia. Kengele ilikuwa ya Yona.
Barua yangu ya toba, niliyompa Neema, imesomwa pia. Nimetengwa na Meza. Sawa. Nitakaa alipokaa Yona.
Alasiri kuku walizunguka, hawajui pa kulala. Zakayo amekuja na mbao begani. Amesimama penye makaa, mpakani, hakuvuka. Amebisha hodi.
Nimemkawiza kidogo.
Kisha nimesema karibu.