Bahari Ilikuwa Kushoto

Jumapili, Rudewa. Mvua imekatika saa nane mchana, jua limetoka, na baba yuko uani anaosha gari lake la Noah kama kila Jumapili. Mimi nimejifungia chumbani. Mimi na baba tulirudi jana kutoka Unguja.

Naandika ili nisipige kelele.

Safari ilikuwa zawadi yangu kwake. Baba ameendesha malori miaka na miaka, barabara ya Mikumi anaijua tuta kwa tuta, lakini hakuwahi kuendesha gari pembeni ya bahari. Mama alikataa kuja, anaogopa boti. Tukaenda wawili, na shemeji yangu anayeishi kule akatuazima gari lake. Baba akashika usukani, tukaifuata barabara ya pwani ya mashariki, madirisha wazi. Nilijiona mtoto wa maana kweli kweli.

Bahari ilikuwa kushoto, kijani mpaka inaumiza macho. Nikamwambia atazame. Akageuza kichwa kulia, kwenye migomba na ukuta wa nyumba ya mtu, akasema, "Pazuri sana, Asha." Nikacheka. Baba ni mtu wa masihara, nilidhani ananitania.

Mbele kidogo kina mama wawili walikuwa wanavuka barabara, magunia ya mwani kichwani. Niliwaona kwa mbali, nikangoja baba apunguze mwendo. Hakupunguza. Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga maishani, akakanyaga breki, gari likaserereka na kusimama hatua mbili tu kutoka walipokuwa. Gunia moja lilikuwa limeanguka na kupasuka. Mwenye nalo alikaa chini pale pale, analia.

Baba aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ni ng'ombe au ni watu?"

Watu, baba. Watu!

Nikashuka, nikawaamkia shikamoo, nikaomba radhi, nikazoa mwani pamoja na mchanga. Niliporudi garini baba alikuwa ameshahamia kiti cha abiria. "Mama yako angeniambia mapema," akasema.

Nikakumbuka safari za asubuhi. Kila asubuhi baba huwapeleka watoto wa hapa mtaani shule, Kilosa mjini, wanangu wawili wakiwemo. Mama hukaa mbele, eti kuwaangalia watoto, na njia nzima hafungi mdomo. Mbuzi hao, Baba Asha. Tuta linakuja. Bodaboda imesimama kushoto. Ng'ombe wanavuka, subiri kwanza. Sisi tulikuwa tunamwita redio. Mimi mwenyewe nimemwambia mara ngapi, mama, hebu pumzika kidogo.

Kumbe alikuwa anamwonesha njia.

Leo asubuhi nilimkuta jikoni anachambua mchele, nikamuuliza. Hakukana. Ni presha ya macho, huu mwaka wa pili. "Ungejua ungemnyang'anya ufunguo," akasema, bila kuinua uso. "Baba yako angebaki na nini?"

Nilimfokea. Wanangu, mama! Wanangu wamo humo ndani! Sijawahi kumpandishia mama yangu sauti, na bado sijamwomba radhi. Nina hasira naye, na hapo hapo namwonea huruma. Sijui nianze na lipi.

Na kuna langu pia. Mimi ndiye niliyewaambia majirani kwamba kwa baba hakuna wasiwasi, wampe watoto wao. Nililisifia gari lile kwao kwa mdomo wangu mwenyewe, nisijue dereva haoni. Adhuhuri nimewapigia simu wazazi wote, mmoja mmoja, nikawaambia ukweli. Mama Neema alinikatia simu kabla sijamaliza. Simlaumu.

Sasa hivi baba amegonga mlango. Amenikabidhi ufunguo wa Noah, umelowa, una povu la sabuni. Nyuma yake naliona gari: ubavu mmoja unang'aa, na mlango mzima wa upande wa pili bado una tope. Ameuliza tu kama kesho atapata nafasi ya kukaa mbele.

Atapata. Nitaendesha mimi, kwa hao watoto watakaokuja. Mama atakaa nyuma ya kiti cha baba na kumtajia kila tuta, kila mbuzi, mpaka shuleni, na mimi sitamwambia anyamaze tena.