Damu ya Shangazi na Damu ya Ng'ombe Wake

Shikamoo mama.

Juzi nimetoka nyumbani Tlawi, na kuna habari ambayo wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuisikia.

Unaikumbuka homa ya wifi yako, Shangazi Maria. Inakuja, inaondoka, inarudi na kumbana mgongo. Mwaka ule tulioambiwa sisi si wa Mkoa wa Arusha tena, ni wa Manyara, tulimsindikiza zahanati, akapewa dawa za malaria kama kawaida. Njiani ukaniambia, "Kasome, uje utuambie hiki kitu ni nini." Nilikuwa darasa la tatu. Nilicheka, wewe hukucheka.

Nikasoma, mama. Udaktari wangu uliuona, na kanisani ulinitambulisha hata kwa watu walionilea pamoja nawe. Kazi yangu ya sasa hukuiona. Tunachukua damu, tunakuza bakteria walio ndani yake, kisha mashine inasoma vinasaba vyao mpaka tunajua ukoo wao na walikotoka.

Mwaka huu nilikuja na wenzangu kuchunguza homa zinazojirudia. Shangazi alitoa damu yake bila neno, ila ya ng'ombe wake akakataa.

"Ng'ombe wangu haumwi. Alitupa mimba tu."

"Hiyo mimba ndiyo imenileta, Shangazi. Ugonjwa unaomtupisha ng'ombe mimba humpa mtu homa."

"Mkimkuta na ugonjwa huo, mtamchinja?"

Sikutaka kumdanganya. "Huenda."

Alikaza kanga kiunoni, akaenda kumshika ng'ombe pembe mwenyewe, tukamtoa damu.

Majibu yalipotoka, bakteria wa ng'ombe na wa Shangazi walikuwa ndugu wa tumbo moja. Walimwingia kwa maziwa mabichi ya zizi lile, mama, yale tuliyokunywa sote pale jikoni. Ng'ombe aliondolewa, Shangazi akalia kama amefiwa. Kisha akameza vidonge wiki baada ya wiki, akinilaumu kila nilipompigia simu.

Wiki hii nimemkuta shambani, analima maharage. Akanipa jembe, tukaanza mistari miwili sambamba. Alinipita mapema, akafika mwisho, akaegemea mpini na kuniuliza kama huko mjini tunalishwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikageuka nikuonyeshe namna alivyosimama wima, ndipo nikakumbuka hupo. Nikaendelea kucheka hata hivyo.

Pumzika vizuri, mama.

Kitindamimba wako