Jumamosi Wanaanua Tanga Lako

Mpenzi wangu, Baba Neema,

Sijui uko upande gani wa mpaka, sijui hata kama uko juu ya ardhi au chini yake, kwa hiyo barua hii siifungi. Yeyote atakayeisoma akawa anakujua, akuambie hivi: mkeo yuko Gitega, kwenye ile hoteli ya Bi Zulekha, chumba kilekile cha juu, na ana haraka. Jumamosi ndugu zako wanafanya kuganduka kule nyumbani Gasorwe, wanaanua tanga lako. Ndizi za pombe ziko shimoni zinaiva. Umesikia? Wanakuzika bila maiti, na wewe hujatuambia kama umekufa.

Nilikuja huku kwa kujidanganya. Nilisema moyoni, huyu mwanaume akirudi Burundi akitaka kazi, lazima apite kwa Bi Zulekha kwanza. Mama wa watu akafungua mlango, akanikumbatia, kisha akachungulia nyuma yangu barabarani. Alikuwa anakutafuta wewe.

“Mi sijamuona, Mama Neema,” akaniambia. “Angefika hapa ningemupa kazi, madirisha ya chini iko inaoza. Ingia basi. Lala, pumzika, na usiniambie mambo ya kulipa.”

Unakumbuka ulivyoihangaikia nyumba hii? Babu yake Bi Zulekha aliuza vitambaa hapa chini, wanawe wakazaliwa hapa juu. Vita vikaifunga. Amani iliporudi, naye akarudi, akataka kuifanya hoteli ya vyumba vichache tu, na kila mlango uwe kama wa bibi yake. Wewe ukachonga milango, ukachonga na ukingo wa baraza, kwa vifaa vya kuazima. Kazi ilipokwisha akakuambia chumba kipya hakiwezi kulalwa na mgeni kabla ya fundi na mkewe. Wewe ukadhani anakutania. Ulinipigia simu unacheka hadi sikusikia unachosema.

Tukaja na kapu letu, ugali wa muhogo na maharage, kwa sababu ulikuwa unaogopa chakula cha hoteli. Tukala sakafuni, juu ya vigae vyekundu na vyeusi, meza ipo inatutazama. Kila nikikaribia kitanda unanifokea: “Taratibu! Utakunja shuka!” Shuka la kulalia, Baba Neema, ulitaka tulilinde kama la altareni. Mwisho ukafunga mlango, ukasimama unautazama. Mimi na wewe tulikulia kambini Tanzania, ndoa yetu ilianzia nyuma ya pazia, mama yako upande wa pili, na kikohozi cha kila jirani tunakijua ni cha nani. Ukageuka ukaniambia, “Leo hata ukinigombeza hakuna wa kuja kuamua.”

Nikacheka, halafu nikalia. Uliniuliza nalia nini nikakujibu moshi, na moshi haukuwepo. Nililia kwa furaha. Sikujua kwamba furaha ya namna ile na sisi tumewekewa.

Asubuhi tukaketi barazani, unakunywa kahawa ya maziwa kama bwana mkubwa, unapapasa ukingo uliouchonga mwenyewe. Ukasema, “Kama nimefanya hivi kwa randa ya watu, je, nikiwa na yangu?” Yote yalianzia hapo. Siku tuliporudishwa Burundi kwa lori, mama yako alikataa kuacha kinu chake, ukashusha sanduku lako la vifaa kumpisha, ukamwachia rafiki kambini. Nikakuambia randa zinauzwa hata Muyinga mjini. Ukanuna. “Ile ni ya baba.” Basi, nani anaweza kubishana na hilo? Ukapanda gari la mpakani Kobero, ukavuka kwenda Tanzania, ukaahidi kurudi kabla maharage hayajakomaa.

Maharage yapi, mume wangu? Tumevuna hayo, tukapanda mengine, tukavuna tena. Neema alikuwa hana meno ya mbele ulipoondoka. Sasa anayo, makubwa kama yako, na anasoma kila kibao cha duka tukipita. Rafiki yako huyo wa kambini alituma neno kwamba sanduku ulilichukua na ukaondoka mzima. Ukaenda wapi nalo? Nimeuliza Butihinda kwa kila anayevuka na punda au baiskeli. Nimeuliza hospitali, nimeuliza gereza, Mungu anisamehe, nimeomba wakuonyeshe hata gerezani.

Usimlaumu baba yako mdogo kwa kupanga siku. Nilimrukia mbele za watu, nikamwambia, “Mtaanuaje tanga ambalo hatukulikaa?” Akanitazama kwa huruma, na huruma ndiyo iliyonikata. “Mwanangu,” akasema, “tangu aondoke, wewe umekaa nini?”

Hata hivyo ningewapinga, unanijua mdomo wangu. Aliyenishinda ni mama yako. Kila jioni anakutengea chakula chako, anakifunika, asubuhi anakula yeye kile kiporo. Mwezi huu aliacha. Nikamuuliza, akaniambia, “Mama Neema, mimi naondoka. Nikifa kabla sijamlilia mtoto wangu, nani atamlilia kama mama yake?” Nikaenda nyuma ya nyumba nikajifunika kitenge usoni.

Sasa nimekaa kwenye chumba chetu, mchana mweupe, chini wageni wanaagiza chai, na mimi siwezi hata kukalia kile kitanda. Nimechoka kuwa mke wa mtu asiyekuwepo. Sikufichi, kuna siku natamani ningeambiwa umekufa, nikajua, nikalala. Halafu pikipiki inasimama nje, naruka kama mwendawazimu.

Kwa hiyo sikia, nakuomba, nakupigia magoti. Njoo uwaharibie sherehe. Ingia uani watu wakiwa na mirija midomoni, wamwage pombe, wakimbie wakidhani ni mzimu. Njoo bila sanduku. Njoo mgonjwa, nitakuuguza. Kama umeoa huko, njoo na huyo mwanamke, nitamkaribisha maji ya kunywa, nitagombana nawe Jumapili. Njoo tu.

Lakini usipotokea, desturi unaijua, mjane ndiye anayesimama kusema. Nimewaomba jambo moja tu, Neema asiambiwe na mtu mwingine yeyote. Atakuwa mapajani kwa bibi yake, ananitazama mdomoni, bado anaamini yote ninayosema. Nami nitamwambia umekufa.

Mkeo hadi Jumamosi,
Mama Neema