Gurudumu Linagonga Likishuka

Jumanne, 14 Oktoba 2014. Kasese.

Asubuhi mvua imekatika, ila ukungu haujaondoka mlimani. Nikisimama mlangoni sioni hata paa za nyumba za juu. Njia ya Kyarumba lazima iwe tope tupu.

Sijala tangu jana mchana.

Kesho napanda mlimani kumchukua Biira, mdogo wangu. Anaishi juu ya Kyarumba, pale barabara inapokaribia kwisha, na mimba yake imetimia. Daktari alisema asingoje uchungu, aletwe mapema apasuliwe. Mwaka juzi tulingoja. Uchungu ulimshika usiku wa mvua, wanaume wakamshusha kwa machela mabegani, na mtoto akafa kabla hawajafika barabarani. Biira mwenyewe aliponea chupuchupu. Safari hii nilimwahidi gari.

Na gari linagonga.

Lilitoka gereji Bwera Jumamosi. Kambale, fundi wetu, mtu wa ng'ambo ya mpaka, alibadilisha shokapu zote mbili za mbele kwa sababu za zamani zilikuwa zinavuja mafuta. Aliponikabidhi ufunguo alisema, "Mama, gari yako iko muzuri sasa. Utaenda mpaka kwa Mungu na utarudi." Nikacheka. Nilipofika Kisinga sikuwa nacheka tena. Ko. Ko. Mbele, upande wa kushoto, na usukani unavuta kushoto kama ng'ombe aliyeona majani.

Jumapili nilikwenda kanisani na majirani ndani ya gari. Kimya kabisa. Jana nikaendesha peke yangu, likaanza tena. Mume wangu yuko zamu kiwandani Hima. Kwa simu alisema gari halina neno, ni hofu yangu tu.

Hofu ninayo. Lakini hofu haigongi chuma.

Nilimwomba Hajji Sulait, mwenye gari la kukodi pale stendi, anipandie yeye. "Mama Baluku," akasema, "ule si mlima wa magari. Ule ni mlima wa mbuzi, na mbuzi wenyewe wanashuka wakiomba dua." Madereva wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikageuka haraka wasinione uso.

Basi leo nimelitafuta tatizo mwenyewe, kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa shuleni kutafuta kosa kwenye hesabu: unarudi mstari kwa mstari.

Nilibonyeza pua ya gari kwa nguvu zangu zote. Likashuka, likapanda mara moja, likatulia. Shokapu ni nzima. Nikapiga jeki, nikashika tairi juu na chini, nikalitikisa. Halikucheza. Nikalishika kushoto na kulia. Halikucheza. Nikakaa chini kwenye matope nikaona aibu, maana nilikuwa natamani kitu kiwe kimevunjika. Kilichovunjika angalau kinaonekana.

Kisha nikaliendesha polepole juu ya mtaro ulioko mbele ya nyumba, kioo kikiwa wazi, nikisikiliza. Gurudumu likipanda ukingo, kimya. Likishuka upande wa pili, ko.

Halilii likigongwa. Linalia likining'inia.

Jirani yangu Mama Aisha alikuwa anatazama yote hayo kutoka uani kwake. Ni mwanamke mkubwa wa mwili na hajionei haya. Nikamwomba aje akae mbele na mimi. Tukavuka mtaro. Kimya. Akashuka, nikavuka peke yangu. Ko.

"Kumbe gari linanitaka mimi," akasema. "Mwambie na Baba Aisha, yeye husema nakunja kitanda."

Hapo ndipo nikakumbuka kanisani. Gari likibeba watu linainama, na likiinama linanyamaza. Nikaingiza mkono kati ya tairi na bodi. Zamani ngumi yangu ilikuwa haipiti. Leo ngumi imepita na nafasi ikabaki. Nikawasha tochi nikatazama juu ya springi, na pale juu, pande zote mbili, nikaona vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi la lori.

Gari limeinuliwa.

Huku kwetu kila mtu huinua gari kwa sababu ya mawe. Lakini mimi sikuagiza. Nikampigia Kambale.

"Ah, mama, ile ni zawadi," akasema. "Uliniambia unaenda kuleta dada yako kule juu. Nikaona mawe itapiga chini, mugonjwa atarukaruka. Nikaipandisha kidogo. Mbona unalia?"

"Silii."

Nilikuwa nalia.

Amezivuta shokapu mpya karibu na mwisho wa urefu wake. Gurudumu likikuta shimo halina pa kushukia, linavutwa kama mkono uliokwisha kunyooka. Na kwa kuinua pua bila kupima upya mwelekeo wa magurudumu, ameyapotosha. Ndiyo maana linavuta kushoto. Ukipanda kwa Biira, bonde liko kushoto. Ukishuka, kushoto ni mlima. Nimejikuta nashukuru kwamba atakuwa ndani wakati wa kushuka.

Nikamweleza Kambale hayo yote kwenye simu. Alikuwa ameshavuka kwenda kwao na mpaka ulikuwa umeshafungwa kwa leo. "Asubuhi wakifungua tu niko kwa pikipiki," akasema. "Tukutane Kisinga. Nitatoa hiyo mpira mbele ya macho yako. Usipande bila mimi, mama, nakuomba."

Nimemwamini. Siwezi kumkasirikia mtu aliyeniharibia gari kwa huruma.

Jioni Biira ameniandikia ujumbe: mgongo unauma kidogo, dada, usihangaike. Tangu hapo simu yake haipatikani. Mvua imeanza tena.

Nimeshaamua, naandika hapa nisije nikabadilika. Kambale akifika, tutatoa mpira na kupanda. Asipofika, nitapanda polepole, gari likiwa limeinamishwa na mzigo. Mzigo wenyewe umejitolea. Mama Aisha amekuja na shuka lake, akasema atakaa mbele, na kwamba hatimaye uzito wake umepata kazi. Sasa anakoroma sebuleni, viatu vyake viko mlangoni vikielekea nje.

Biira, subiri. Usianze bila sisi.

Nazima taa. Saa saba na nusu usiku.