Haragwe Lililoota Ukutani

Mdogo wangu Mwanaidi, hujambo? Anayekuandikia ni mjukuu wetu Zuhura, nimemkataza kufuta neno. Huku Uluguru baridi inanigonganisha meno yote mawili. Jana nilikaa darasani anamofundisha. Mkaguzi alikuja na sharti: projekta ionyeshe kitu ambacho ubao hauwezi, la sivyo mwalimu amefeli. Zuhura akawasha, haragwe likaanza kuota ukutani. Nikaropoka, "Maharagwe si hayo hapo nje!" Mkaguzi akashika kalamu. Zuhura akaniuliza, "Bibi, mzizi wake umewahi kuuona ukitembea?" Nikatazama. Mwanaidi, nimelima tangu sijaota matiti, sijawahi kuuona! Nikamwambia mkaguzi, "Sogea baba, unanizibia." Akacheka, akampitisha. Kula ushibe, mkaidi wewe, nakupenda mno.

Dada yako