Nani Atamnyima Mama Chakula

Kang'ata,
S.L.P. Handeni.
11 Septemba 1976

Mpendwa dada Mwaija,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Tabora, na kiuno cha shemeji Mbwana kiwe kimeacha kumsumbua, maana kazi ya reli haina huruma na mifupa ya mtu. Watoto je? Hiza bado anacheza mpira mpaka aitwe na mwadhini? Sisi huku tunapumua. Mahindi yalitoka kidogo, muhogo upo, na mwaka huu unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, hatujauonja, alhamdulillahi.

Makazi mapya tumekwisha kuyazoea. Ulipokuja mara ya mwisho ulituacha tukiezeka, sasa nyumba zimenyooka mstari mmoja kama walivyotaka wakubwa. Kwangu, kwa baba mdogo Sadala na kwa mama mdogo Riziki zinafuatana. Nikipiga chafya kwangu, Sadala ananiombea afya akiwa kitandani kwake. Kule mahame tulikotoka, kwenda kwa mama mdogo ilikuwa safari ya kupanda na kushuka. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Dada, ninakuandikia kwa habari ya binti yangu Hamisa. Tangu siku ulipompa jina la marehemu mama yetu, ukoo mzima unamwita mama, naye anatuita wanangu, na sisi tunafurahi. Sasa mtoto amenenepa. Usicheke. Mimi nilicheka mwanzoni, nikajisifu kwa watu kwamba sisi tuliolelewa kwa kuchimba mizizi ya ndiga porini tumepata mtoto wa mashavu. Mwenyekiti wa kijiji naye, kila akija mgeni kutoka wilayani, humweka mstari wa mbele ili ionekane tumeshiba. Mwezi uliopita alilala palepale, amesimama, mgeni akihutubia. Watu wakaangua kicheko. Mke wangu Fatu hakucheka.

Fatu ndiye anayelala naye. Mtoto anakoroma kama mzee, halafu ghafla kimya. Kimya hicho, dada, ndicho kinachotumaliza. Pumzi inasimama, kifua kinahangaika bila hewa kupita, mpaka mama yake amtikise ndipo avute pumzi kwa kishindo kama aliyezama mtoni. Tunapeana zamu ya kumlinda kama watu wanaolinda shamba lisiliwe na nguruwe. Asubuhi anaamka amechoka kuliko sisi. Shuleni anasinzia na jembe mkononi, na mwalimu anamchapa, anasema ni mvivu. Nilikwenda kumweleza, akanisikiliza kwa adabu zote, kesho yake akamchapa tena.

Basi nikampeleka hospitali Korogwe kwa lori la mkonge. Daktari alimpima, akamsikiliza sana moyo. Akanieleza kwamba mafuta yamembana koo, akilala njia ya hewa inaziba, na moyo umeanza kulemewa. Nikaomba dawa.

"Dawa yake ni kumpunguzia chakula," akasema, "na msikawie, maana ipo siku mtamtikisa asiamke."

Nilirudi nyumbani na hofu, lakini na nafuu pia. Kupunguza chakula, nikajiambia, si ndiyo kazi tuliyozaliwa nayo?

Fatu akapunguza ugali, akaondoa sukari kwenye uji. Mtoto akavuka kwa mama mdogo Riziki, akapewa kande. Akatoka hapo akaingia kwa Sadala, akapewa bada ya muhogo na mchuzi wa nazi. Zamani angechoka njiani akarudi. Sasa ni mlango kwa mlango. Nikawaita wote nikawapa maneno ya daktari. Mama mdogo akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Dada yangu alikufa kwa njaa ili wewe ule," akasema. "Leo amerudi, unataka umnyime?"

Wewe ni mkubwa, unakumbuka vizuri kuliko mimi jinsi mama alivyokuwa akikisukuma chungu upande wetu na kusema kwamba yeye hana njaa.

Nikafikiri tumvue mtoto jina hili, apewe jingine, awe mtoto kama watoto wengine wanaoambiwa basi imetosha. Wazee wakasema hilo si langu. Ni la mtoto wa kwanza wa marehemu, asimame penye kaburi kule mahame, aseme kwa kinywa chake. Mtoto wa kwanza ni wewe. Njoo, dada. Na kama safari haiwezekani, basi angalau acha kumtumia maziwa ya kopo. Najua unayatuma kwa mapenzi. Naandika hivi, na huku sina hakika kwamba ukifika utaweza kulisema neno lenyewe, wewe uliyelia kwa furaha siku ya kumpa jina.

Nisikulaumu peke yako. Jana mchana wenzetu wote walikuwa shamba la kijiji, nami nikabaki naye, nikaufunga mlango wa jikoni. Alikuja akakaa mbele yangu, macho yamejaa usingizi. Hakulia, wala hakudeka. Alisema tu, kwa namna ileile tuliyomzoesha wenyewe:

"Mwanangu, nina njaa."

Dada, mama hakuwahi kutuambia neno hilo hata siku moja. Niliinuka, nikafungua mlango, nikampakulia.

Msalimie sana shemeji Mbwana, Hiza na wadogo zake. Baba mdogo Sadala na mama mdogo Riziki wanakusalimu, na Fatu pia, kama hajasinzia. Mungu awape usingizi mwema wote mlio chini ya paa hilo, na kila asubuhi awaamshe. Siku hizi hatuna dua nyingine.

Hamisa yupo hapa, ameniegemea begani, anafumba na kufumbua macho. Anasema nikuandikie hivi: mwambie mwanangu Mwaija maziwa yamekwisha.

Nduguyo akupendaye,
Mhina