Mabinti wa Kamari na Moyo Wangu

Chumba cha nyuma, kando ya jiko,
Jumapili asubuhi.

Mke mwenzangu mpendwa,

Hujambo huko ugenini, mjukuu wangu? Kifua kimepona, au baridi bado inakionea? Mimi nipo, napumua kwa mafungu. Ngazi ya mlangoni imegeuka mlima.

Nina la kukiri kabla sijafumba macho. Zile manga ulizoniachia nikutunzie, vile vitabu vya katuni za Kijapani, nimezisoma zote. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, ninayekunja uso nikiona karata mezani!

Cha kwanza nilikianzia kushoto, kama kitabu chochote. Nikamwona binti ananyolewa, kisha anacheka, kisha ndipo anaziweka nywele zake dau. Nikasema mtunzi huyu ana akili za ajabu. Muuguzi anayekuja kunipima presha akaangua kicheko: "Bibi, umeanzia mwisho! Wajapani husoma kutoka kulia. Geuza!" Nimegeuza, na ajabu haijapungua.

Shule gani ile! Kengele ya mapumziko ikilia, watoto wanachezea kamari viti vyao, majina yao, hata haki ya kusema darasani. Macho yamewatoka pima, jasho linatiririka kurasa tatu, na karata ni moja tu. Chumvi imezidi, lakini mpishi anaijua kazi yake. Kila hila ina hesabu ndani. Nimezikagua kwa kalamu, sikuona kosa. Nimpendaye zaidi ni yule monita mwoga. Anatetemeka waziwazi, na bado anacheza.

La pili ni zito. Daktari wa moyo hakunificha: wa umri wangu wakipasuliwa kumi, sita huamka. Baba yako hataki kusikia.

"Mama, kamari ya nini uzeeni? Tulia tukutunze."

"Kutulia nako ni kamari, mwanangu. Tofauti ni kwamba karata anachanganya mwingine."

Akanuna, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nimetia sahihi nipasuliwe. Naingia Alhamisi, naye nitamwambia leo tukishakula. Barua hii itakufikia matokeo yakiwa yamejulikana. Yakiwa mabaya, mwache baba yako alie, ila usimwache aseme mama yake alirubuniwa. Mwambie nilikuwa na akili timamu, nilipiga hesabu, niliogopa, na nilitaka kuendelea kuishi.

Nisalimie mumeo fundi saa, na shangazi yako mkunga akipita kwenu. Mungu akupe moyo imara kuliko huu wangu.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye ushinde ushindwe.